Mwongozo wa Mwenyeji Anayekwenda Tamasha la Filamu

Kila mwaka, masika yakishaondoka na kusi likishashika, Mji Mkongwe wa Unguja huingiwa na wageni wa namna ya pekee. Hawaulizi njia ya Nungwi wala nyumba ya Freddie Mercury. Hubeba mikoba ya kitambaa, huvaa beji kubwa vifuani, na huweza kukaa na kikombe kimoja cha kahawa saa nzima wakizungumza juu ya mwanga. Ukiwaona hao, jua Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, limefika. Lilianzishwa mwaka 1997 na likajiita la Nchi za Jahazi, yaani nchi zote ambazo Bahari ya Hindi iliziunganisha kwa tanga na upepo.

Wageni hao wameandikiwa vitabu, ramani na makala za kuwafundisha namna ya kujiweka. Mwenyeji hakuandikiwa kitu. Inadhaniwa kwamba kwa kuwa anakaa Kikwajuni, na Ngome Kongwe, tamasha linapofanyika, anaiona kila akenda Forodhani, basi mambo ya tamasha anayajua. Mwongozo huu ni wa kumsaidia huyo ashinde siku nzima huko, arudi nyumbani na heshima yake, na ikiwezekana aone na filamu.

1. Soma ratiba kwa imani

Ratiba ni nia. Waandaaji wamenuia kwamba picha ianze saa moja usiku, na nia njema ina malipo yake hata kitendo kikichelewa. Kati ya nia na kitendo kuna projekta, kuna spika, na kuna mgeni rasmi, ambaye ni mzito kuliko vyote hivyo. Akifika atashukuru. Akimaliza kushukuru atamkaribisha mwenzake, naye ashukuru. Mwenyeji mzoefu hutumia muda huo kuswali Isha, kumpeleka mtoto kwa bibi yake na kurudi, na bado jina la mwongozaji halijapita kwenye skrini.

Tia alama picha unazotaka kuziona. Kisha andika pembeni zile utakazoziona kweli. Orodha hizi mbili hazina undugu. Utaipangia jioni yako filamu ndefu kutoka Senegal, utajikuta umekaa mbele ya filamu ya dakika kumi juu ya mvuvi asiyesema neno, kwa sababu mtoto wa shangazi yako ameigiza humo, anapita na baiskeli. Usione haya. Filamu fupi yoyote iliyopigwa Unguja, nusu ya watazamaji wake huwa ni jamaa wa mpita njia.

2. Beba kanga

Ukumbi mkubwa ni uwanja wa wazi ndani ya Ngome Kongwe, na viti vyake ni ngazi zilizopangwa nusu duara. Ngazi hizo hazimwonei huruma mtu aliyekuja kutazama filamu ya saa mbili na nusu. Kwa hiyo chukua kanga. Utaikalia mwanzo, utajifunika kusi likianza kuuma saa nne za usiku, utamfunika mtoto akisinzia, na mwisho utajifutia mikono baada ya mishikaki. Mwanamume anayeona haya kubeba kanga aazime ya mkewe, na asiirudishe na mafuta.

Vaa kanzu ikiwa unapenda kupigwa picha na waandishi wa nje. Mtu wa kanzu chini ya mnara wa ngome, amekazia macho skrini, ni picha ambayo lazima itoke kila mwaka katika gazeti la mji fulani wa mbali. Usiwaambie kwamba ulikuwa unatoka msikitini na umeingia kumtafuta mdogo wako.

3. Pita mlangoni

Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Mreno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, kusudi adui asirudi. Baadaye ikawa gereza, ikawa na bohari ya reli iliyokuwa ikienda Bububu, na sasa imerudia kazi yake ya asili, ya kumzuia mtu asiye na beji.

Mwenye beji hupita ameinua shingo. Mwenye tiketi hupita ameinua tiketi. Mwenyeji hupita ameinua sauti: "Yakhe, hunijui mimi?" Kijana wa mlangoni anamjua sana, na hapo ndipo penye taabu, maana anamjua na mjomba wake, anajua na deni lake la dukani, na nyuma kuna foleni ya watu wenye masikio. Kata tiketi. Ni nafuu kuliko kujulikana.

4. Chagua jirani kabla ya kuchagua mahali

Usikae mbele kabisa. Huko ni kwa wakubwa, ambao wataondoka picha ikishaanza, na viti vyao vitabaki vitupu usiku kucha vikitunziwa heshima. Usikae nyuma kabisa, huko ni kwa wachumba. Tafuta katikati, umwone bibi mmoja mtu mzima aliyekuja na wajukuu na kikapu, ukae karibu naye. Huyo ndiye mtaalamu mkuu wa filamu katika ukumbi mzima, na hana beji.

Bibi alianza kutazama picha enzi za Empire, Majestic na Cine Afrique. Jumapili mji ulijipamba kwenda kuona picha la Kihindi. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na tiketi zikiisha dirishani zilipatikana nje kwa walanguzi, kwa bei ya mwenye shida. Alimlilia Raj Kapoor katika Awara ya mwaka 1951, akamlilia Nargis katika Mother India ya mwaka 1957, na hakuna aliyemfasiria Kihindi. Majumba hayo ya Mji Mkongwe baadaye mengine yaligeuka maduka na mengine yakafunga milango, hata tamasha la kimataifa likaishia ndani ya ngome ya vita. Bibi hilo halimshangazi, ameona majengo mengi yakibadili kazi. Linalomshangaza ni watu wazima kulipa kiingilio kisha wakatazama picha kimya kama wamefiwa.

5. Jua madhehebu ya kutazama

Hapo ndipo penye mgawanyiko. Dhehebu la beji linaamini kwamba picha ni siri kati yako na skrini, na anayetia neno ameharibu. Dhehebu la bibi linaamini kwamba picha ni shughuli, na shughuli ni watu. Stelingi akikaribia mlango ambao adui amejificha nyuma yake, ni wajibu wa kila mwenye roho kumwambia asifungue. Akifungua, lawama ni zake.

Kila safu ya dhehebu la bibi ina mkalimani. Kazi hiyo ina wakubwa wake wanaojulikana. Lufufu wa Dar es Salaam alijipatia jina kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo, na katika vibanda umiza wako wanaolipa kumsikiliza mfasiri kuliko kuziona ngumi zenyewe. Kijana aliyekaa nyuma ya bibi anaifanya kazi hiyo bure. Filamu ni ya Kiajemi, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na yeye Kiingereza aliagana nacho kidato cha pili. Kwenye skrini mwanamke amesimama dirishani, dakika ya tatu sasa, hasemi.

"Kasema nini?" anauliza bibi.

"Kasema mumewe hajaleta pesa tangu aondoke."

Bibi anatikisa kichwa kwa uchungu. Safu mbili mbele, mhakiki mwenye beji anaandika katika daftari lake kwamba mwongozaji ametumia ukimya kueleza kuachwa. Wamefika mahali pamoja, ila bibi amefika mapema na machozi juu.

Jiandae pia kwa habari mbaya. Kila aliyelelewa na picha anajua kanuni kwamba stelingi hafi. Filamu za tamashani hazikuambiwa. Humo stelingi anaweza kufa katikati ya picha, kwa homa, nje ya skrini, bila hata kurusha teke moja. Ukumbi utauliza kwa sauti sasa nani stelingi. Baada ya hapo utauliza nani adui, na mwenye beji atageuka akueleze kwa upole kwamba adui ni mfumo. Mfumo hauna uso wa kupigwa ngumi wala kichwa cha kuvunjiwa chupa, na vijana wa Mwembetanga, wakishalijua hilo, huondoka kwa makundi kwenda kunywa juisi ya miwa.

6. Filamu ya kwetu itazame kwa ramani

Mambo huwa mazito zaidi filamu ikiwa imepigwa hapa hapa. Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, habari za Yasmin na Denge katika Unguja ya miaka ya 1950, na mwaka 2021 ikaonyeshwa Toronto. Watu wa Toronto wana raha. Wao filamu ya Mji Mkongwe wanaweza kuitazama kwa mapenzi yaliyomo na siasa zilizomo. Mwenyeji filamu yoyote ya namna hiyo anaitazama kwa njia zake.

"Ala, hapo si Malindi? Mbona kapiga kona moja katokea Shangani?"

"Mlango ule wa kina fulani. Lini wameupaka rangi?"

"Vespa ile ya kaka yangu. Aliniambia iko kwa fundi."

Mwongozaji amehangaika miaka kutafuta fedha, amekesha akipanga taa, ameshona nguo za zama zile kwa uzi wa zama zile. Hakimu wake wa mwisho ni muuza samaki anayejua kila uchochoro, na hukumu yake haina rufaa, kwamba mtu hawezi kutoka Malindi akafika Shangani kwa kona moja. Ukikutana na mwongozaji, msifu kwa taa. Ya kona mwachie mwenyewe.

Jihadhari na waliosoma riwaya hiyo skuli. Waliisoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo wanaijua kwa dhamira na maudhui. Watakutajia mwisho kabla ya mwanzo, na kila mhusika akitokea watakuorodheshea sifa zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na mfano kutoka kitabuni.

7. Picha ikikatika, dai haki yako

Mtoto amesimama ufukweni. Anatazama bahari. Bahari nayo inamtazama. Skrini inakuwa nyeusi, majina yanaanza kupanda, na dhehebu la beji linashusha pumzi ya kuridhika. Kisha kutoka ngazi za juu inasikika sauti ya mtu aliyelipa kiingilio:

"Sehemu ya pili inatoka lini?"

Wenye beji watacheka. Usicheke nao. Aliyeuliza amekulia katika filamu za Bongo, ambazo kwa miaka mingi hadithi moja iliuzwa kwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, diski mbili, bei mbili. Hapo sokoni alifundishwa kwamba hadithi ikikatika njiani, kilichobaki kipo mahali na kina bei. Yeye bei yuko tayari kulipa. Anachotaka ni kuambiwa dukani lini.

8. Uliza swali bila kuuliza

Taa zikiwashwa mwongozaji hupandishwa jukwaani ajibu maswali. Utaratibu wake ni huu. Pokea kipaza sauti, kipige kwa kidole, uulize kama unasikika. Washukuru waandaaji. Jitambulishe kwa majina matatu na mtaa. Kisha tamka kwa unyenyekevu maneno ambayo kila mkutano wa Afrika Mashariki unayangoja: "Mimi kwa kweli sina swali, nina mchango."

Mchango mzuri huanzia mbali. Anzia ukoloni, pitia mmomonyoko wa maadili, gusa vijana na simu, eleza filamu ambayo wewe ungeitengeneza kama ungekuwa na kamera, na umalizie kwa kumwomba mwongozaji atoe maoni yake juu ya hayo yote kwa ufupi kwa sababu muda umekwisha. Mgeni wa kutoka Ulaya atauliza kama filamu inaweza kubadili jamii. Mwongozaji atajibu kwamba inaweza, maana wafadhili wako ukumbini.

Swali la kweli halijaulizwa bado. Ataliuliza shangazi yako, ambaye amekaa kimya muda wote: waliopita na baiskeli walilipwa shilingi ngapi? Mwongozaji atasema kwamba filamu hii ilikuwa kazi ya mapenzi. Shangazi atataka kujua hayo mapenzi hulipwa mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka. Hapo mwendesha mjadala atakumbuka kwamba ukumbi unahitajika kwa filamu inayofuata.

9. Kula, lakini kwa mpango

Bustani ya Forodhani iko mbele tu ya ngome, na usiku moshi wake hauhitaji tiketi. Mwongozaji anayetaka kujua thamani ya kazi yake asisubiri wahakiki. Ahesabu vichwa kabla harufu ya pweza na mishikaki haijavuka ukuta, ahesabu tena baadaye. Waliobaki ndio wapenzi wa sinema, au wameshakula.

Urojo unywe umeinama mbele, beji umeitupa mgongoni, kwa kuwa manjano yakishaingia kwenye jina lako hayatoki mpaka tamasha la mwakani. Ile wanayoiita pizza muachie mgeni aishangae. Wewe unajua kwamba ni unga uliosukumwa mwembamba, ukajazwa nyama, yai na kitunguu, ukakunjwa na kukaangwa, na kwamba bei yake hupanda kwa kadiri ya ukubwa wa kamera ya mnunuzi.

10. Zungumza na watu wa filamu

Utakutana nao kwenye ngazi, kwenye foleni ya choo na palipo na soketi ya kuchajia simu. Watakuuliza umeionaje filamu yao. Majibu yafuatayo hayajawahi kumwangusha mtu.

Kama hukuielewa: "Imenigusa kwa namna ya kipekee."

Kama ulilala: "Hii nahitaji kuiona tena."

Kama ulitoka kwenda kula: "Mwanzo wake una nguvu sana."

Kama uliingia mwishoni: "Umeimaliza vizuri."

Kama umeielewa na hukuipenda: "Mashaallah, mmefanya kazi."

Siku ya kufunga hutolewa tuzo, kubwa yao ikiwa Jahazi la Dhahabu. Itashinda filamu ambayo wewe ulikuwa Forodhani ilipoonyeshwa. Sema ulijua toka mwanzo.

11. Isimulie

Wenyeji wengi huharibu hapa. Wakishatoka ngomeni huona kazi imekwisha, wanakwenda kulala. Kazi ndiyo inaanza, kwa sababu kesho yake barazani watu wanangoja, na wao hawakuhudhuria.

Nenda Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, palipo na kahawa, kashata na mabishano. Pale mahali pamepewa jina la ile picha ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, kwa hiyo unakwenda kusimama mbele ya watu wenye historia na sinema. Watakwambia, "Ehe, tupe picha." Usithubutu kusema ilikuwa nzito, au ilikuwa na tabaka nyingi. Watarudi kwenye dhumna zao.

Anza na stelingi. Kama hana jina, mpe. Yule mvuvi asiyesema neno, mpe maneno, na yawe makali. Zile dakika tatu za dirisha ziwekee barua kutoka Maskati, iliyoandikwa na mume, ikaletwa na mtu mwingine, ikafunguliwa na jirani. Mfumo upe sura ya mtu mmoja mnene mwenye miwani myeusi, ili watu wajue wamchukie nani. Njia za kutoka Malindi hadi Shangani zirekebishe, upite kila uchochoro kwa jina lake, maana muuza samaki yupo na anasikiliza. Mtoto wa shangazi yako usimpitishe tu na baiskeli, ashuke, atoe habari muhimu, ndipo aende zake. Na yule mtoto aliyeachwa ufukweni mletee mashua. Aliyeuliza sehemu ya pili alikuwa na hoja, na hapa ndipo inapotoka.

Watakukatiza, na uwaache wakukatize. Mmoja atasema mvuvi asingekubali hivyo. Mwingine atasema yeye anamjua mvuvi wa namna hiyo, anakaa Mkokotoni, na alikubali. Kahawa ya pili ikimiminwa utakuta hadithi haiko tena mikononi mwako, na imenyooka kuliko ulivyoileta. Kazi hii bibi aliifanya kila Jumatatu enzi za Empire, akiwapigia wenzake kisimani picha nzima ya Jumapili, nyimbo zikiwemo. Wahakiki wa leo hulipwa kuifanya, na hawaimbi.

Baada ya siku chache utaisikia filamu hiyo hiyo Michenzani, imeongezwa mke wa pili na mbio za Vespa, na anayeisimulia hajawahi kukanyaga ngomeni. Mwongozaji akizipata habari hizo na kulalamika kwamba hiyo si filamu yake tena, mjibu kwa adabu: yake ilionyeshwa usiku mmoja ikaisha bila kumalizika, na hii bado inaendelea, kiingilio bei ya kikombe cha kahawa. Akitaka mgao, aje barazani na mwisho wake, autetee.